Kahawa na mkate, Mwananyamala mpaka Masaki: uende wapi, saa ngapi, na nani

Watu wananiulizaga sana hili swali, hasa waliohamia huku Kinondoni, Dar, juzijuzi, eti sehemu nzuri ya kunywa kahawa na kula kitu kilichookwa vizuri ni ipi. Na mi kila siku najibu hivohivo, inategemea unaenda kufanya nini na unaenda saa ngapi, mtu anaona kama namkwepa. Simkwepi. Mwaka wa tisa huu nakaa Mwananyamala, kahawa nakunywa kila siku ya Mungu, mkate ndo usiseme, na nilichojifunza ni kwamba huku kwetu kahawa nzuri na mkate mzuri havikai nyumba moja. Penye kahawa ya maana mkate ni wa kubahatisha, penye mkate wa maana kahawa yao ni maji ya moto na kijiko cha unga wa kopo. Ukishalikubali hilo unaacha kutafuta sehemu moja ya kila kitu, unaanza kupanga.

Nianze na kijiwe maana ndo kwangu. Mzee wetu wa kahawa anatokea mara mbili kwa siku, alfajiri watu wakitoka msikitini na jioni kuanzia kama saa kumi na moja hivi. Ana birika lake la alumini, chini yake jiko dogo la mkaa limefungwa kwa waya ili kahawa ibaki ya moto muda wote, mkono wa pili ndoo ndogo ya maji na vikombe. Huwezi kukosa kujua kafika, anagonga vikombe viwili mkono mmoja, kling kling kling, na mi hata nikiwa ndani naosha vyombo najua. Kikombe chenyewe cha kauri, hakina mkono, kinaingia kiganjani kama yai. Mia mbili. Kashata ya karanga mia mbili. Yani kwa jero umekunywa, umetafuna na mia inarudi.

Kahawa yake anakaanga mwenyewe nyumbani na anatwanga kwenye kinu, hasagi mashine, nilimuuliza kwa nini akasema mashine inaipasha moto inapoteza harufu. Buni ananunua Kariakoo, ya Bukoba, yani robusta. Na hapa ndo penye siri ambayo watu wengi hawaijui, wanafikiri kahawa ya kijiweni ni chungu kwa sababu imechemshwa sana, kuchemka kupo lakini na buni yenyewe ni tofauti. Robusta ya Kagera ni nzito, chungu, haina uchachu, na kafeini yake inakaribia mara mbili ya arabika. Arabika ndo ile ya Kilimanjaro, Arusha, Mbozi, Mbinga huko, ambayo ina uchachu fulani kama wa tunda. Sasa mtu aliyezoea kijiwe ukimpeleka Masaki akapewa kahawa nyeusi ya arabika anasema imechacha, haijachacha, ndo ilivyo. Na aliyezoea Masaki akija kijiweni analalamika uchungu. Hakuna aliyekosea, wanakunywa miti miwili tofauti.

Kuhusu wanawake kukaa kijiweni, kwa sababu najua kuna dada anasoma hapa anawaza. Mi nakaa. Mwanzoni nilikuwa naenda na chupa ya chai, nasema shikamoo mzee, nijazie, naondoka. Siku moja mvua ikanikamata pale nikakaa kwenye benchi mpaka ikaisha, wazee wakaendelea na bao lao na mazungumzo yao ya bei ya sementi, hakuna aliyenigeukia kwa ubaya, na tangu siku hiyo nina nafasi yangu pembeni karibu na ukuta. Ila siwezi kusema vijiwe vyote viko hivo. Angalia kwanza nani wamekaa. Kijiwe cha watu wazima wenye bao na gazeti ni sehemu salama kuliko mgahawa wowote nnaoujua, kijiwe cha vijana wanaoshinda hapo toka asubuhi hawana kazi mi napita moja kwa moja. Kama unaona ugumu nenda na chupa, bei ileile na kahawa ileile.

Kasoro yake naisema wazi, vikombe vinasuuzwa kwenye ndoo moja. Mzee wetu anabadilisha maji pale kwenye bomba la msikiti, nimemuona mara nyingi, lakini siyo wote wanabadilisha, na Dar tunajua kipindupindu kinavyokuja msimu wa mvua. Beba kikombe chako. Hakuna anayekasirika, mzee mwenyewe ananisifia kwamba nampunguzia kazi. Kashata nayo chagua iliyofunikwa.

Mkate sasa. Kijiweni hakuna mkate, ndo maana nikinunua kahawa jioni kwanza nimeshapita bekari.

Bekari nnayoisema iko upande wa Kisiwani, uchochoroni, haina hata bango, unaijua kwa harufu na kwa baiskeli zenye makasha ya mbao zilizoegeshwa nje. Jina silitaji maana nikilitaja kesho foleni inanikuta mimi. Wanatoa mkate mara mbili, alfajiri kwa wale wa baiskeli na bodaboda wanaosambaza madukani, na saa kumi jioni kwa sisi wa mtaani. Ukifika saa kumi kasoro unakuta kaka mmoja ana vitambaa viwili vimekunjwa mikononi anavuta sinia za chuma kwenye tanuri, sinia zimekuwa nyeusi tii kwa miaka ya mafuta, skonzi zimebanana humo ishirini ishirini na kitu zimeshikana mabega, anazipiga upepo kwa kipande cha boksi halafu anapitisha brashi ya maziwa na sukari juu zinang'aa. Halafu anageuza sinia. Ile sauti ya skonzi kudondoka mezani, pufu, zote kwa pamoja, mi naipenda kuliko hata kuzila.

Skonzi mia tatu. Boflo, ile ndefu ya ganda gumu, jero. Mkate wa slesi buku na nusu (elfu moja na mia tano) mpaka buku mbili kwa ukubwa. Halfkeki zipo lakini za kwao ni kavu, halfkeki nunua kwa mama wa Makumbusho pale stendi anakaanga mwenyewe. Siyo kila bekari inaweza kila kitu na mtu asikudanganye.

Kuna kitu nawaheshimu sana hawa jamaa. 2022 vita ya Ukraine ilipopandisha ngano (na ngano yetu nyingi tunaagiza nje, hilo watu wanasahau wanafikiri mkate ni kitu cha hapahapa) bekari nyingi zilifanya kimyakimya, bei ileile mkate umesinyaa, unashika unahisi kabisa mkono umedanganywa. Hawa walibandika karatasi mlangoni imeandikwa kwa mkono kwamba kuanzia Jumatatu skonzi inatoka mia mbili inakuwa mia tatu kwa sababu ya unga, ukubwa haubadiliki. Na haujabadilika. Watu walinung'unika wiki moja wakarudi. Mi mtu akiniambia ukweli kuhusu mia moja namwamini na mengine.

Jinsi ya kujua mkate wa leo na wa jana, maana kuna bekari nyingine siyo mbali na hapo iliwahi kuniuzia mkate wa juzi nikiwa na wageni nyumbani, ukakatika unamwagika makombo mezani, nikaona aibu mpaka leo nikikumbuka. Bonyeza ubavuni kwa kidole. Ukirudi wenyewe taratibu ni wa leo. Ukibaki na shimo ni wa jana au haukuiva vizuri. Pili, gonga chini, boflo iliyoiva inalia kama kitu chenye uwazi ndani, mbichi inalia bubu. Tatu, ukipewa mkate wa moto kwenye mfuko uliofungwa kabisa ufungue fasta, mvuke unageuka maji na ganda linalegea. Toka mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku 2019 bekari nyingi zinafunga kwa karatasi, na kwa mkate hiyo ilikuwa heri tupu, ganda linapumua. Na jamani mkate usiweke kwenye friji, friji ndo inauchakaza haraka kuliko kabati. Kama ni mwingi weka friza, ukitaka kula chomoa slesi upashe kwenye kikaango.

Kukaa hapo bekari hakuna. Benchi moja la wafanyakazi na chai ya rangi kwenye chupa, ukiomba kahawa wanakupa kopo la Africafe ujichanganyie. Na sipendi watu wanavyoidharau Africafe, inatengenezwa hapahapa Tanzania, ni kahawa yetu kweli, kwenye basi la usiku au msibani imeniokoa sana. Lakini ukiwa na skonzi ya moto mkononi inastahili kitu bora zaidi, ndo maana mi nabeba nikamsubiri mzee wa birika.

Haya, Masaki. Najua wengi hapa ndo wanataka kusikia, na nataka niseme kwa haki kwa sababu huku mtaani ukisema umekunywa kahawa ya buku nane watu wanakuona umerukwa na akili.

Kutoka kwangu napanda daladala nauli haifiki buku, au bajaji kama tuko wawili watatu, unapita kituo cha Morocco unaingia mtaa wa Namanga unashika barabara ya Haile Selassie. Épi d'Or iko hukohuko Haile Selassie, ni bekari ya Kifaransa yenye mgahawa na ina vyakula vya Kilebanoni pia, na hapa ndo karibu wavunje ile kanuni yangu ya mwanzo, maana mkate wao ni mzuri kweli na kahawa yao inanyweka vizuri tu. Nikilazimishwa kuchagua mahali pamoja pa kupata vyote viwili kwa mkupuo ndo hapo. Ila mkate umeizidi kahawa.

Krosanti ndo kitu cha kula pale na ngoja nieleze kwa nini bei yake inakuwa juu, kwa sababu mi mwenyewe nililalamika mpaka siku nilipojaribu kutengeneza nyumbani. Unga unakunjwa na siagi, unasukumwa, unapoozwa, unakunjwa tena, mara kadhaa, mpaka unapata matabaka membamba membamba ya unga na siagi. Siagi inayeyuka ikifika nyuzijoto thelathini na kitu. Sasa jiko la Dar mwezi wa pili lina nyuzijoto ngapi? Kwangu siagi iliingia yote ndani ya unga nikatoa kitu kama chapati iliyokunjwa. Kwa hiyo anayeuza krosanti ya kweli mjini hapa amelipa umeme wa chumba cha baridi na friji siku nzima, na siagi yenyewe siyo rahisi. Ndo hela yako inakoenda. Wanaokuuzia ya bei chee wanatumia majarini, na utajua, ukimaliza kula kuna utando wa mafuta unabaki juu kwenye paa la mdomo hautoki mpaka unywe kitu cha moto. Ya siagi inapotea yenyewe. Nyingine, ikamate uivunje katikati juu ya sahani, ikimwaga vipande vikavu kila mahali na ndani kuna matundu kama sega la nyuki hiyo ndo yenyewe, ikikatika kama skonzi basi umenunua skonzi iliyopinda.

Kwa kahawa yenyewe, kule mwisho wa rasi, kwenye maduka ya Sea Cliff Village, kuna mgahawa wa kahawa unaitwa Msumbi. Hao wanakaanga buni za Tanzania wenyewe na unaweza kununua pakiti ukaenda nayo nyumbani, hicho ndo kitu kikubwa kwangu. Kahawa ikishakaangwa inaanza kupoteza ladha taratibu, ikishasagwa ndo inakimbia kabisa, kwa hiyo ukikaa karibu na anayekaanga unashinda hata kama huna mashine ya maana. Mi nanunua buni nzima robo kilo, nasaga nyumbani kidogokidogo. Keki zipo pale lakini siendi kwa ajili ya keki.

Mama yangu alikuja kutoka Bukoba mwaka juzi nikampeleka Masaki, nilitaka aone mwanae anavyoishi mjini. Mama amekulia kwenye kahawa. Kwetu buni inachemshwa na majani yenye harufu nzuri inakaushwa, inatafunwa, mgeni akifika unamkaribisha kwa punje chache kiganjani kabla hata ya maji, mama anatembea nazo kwenye kipochi mpaka leo. Nikamwagizia kapuchino. Akaletewa, povu lina ua limechorwa, akaliangalia muda mrefu, akasema mwanangu hii wanakunywa au wanaangalia. Akanywa. Akanyamaza. Halafu akauliza bei, mi nikajaribu kumzungusha, akasema niambie, nikamwambia buku saba. Akafungua kipochi chake akatoa punje mbili za kahawa akaweka kwenye kisosi pembeni ya kikombe. Akasema kwa kilo nzima ya kahawa mbichi yenye maganda yake hatujawahi kupewa hiyo hela.

Nimelifikiria sana hilo. Sijaacha kwenda Masaki, nisiseme uongo, lakini tangu siku hiyo nikinunua pakiti ya buni naangalia imeandikwa imetoka wapi, na kama sehemu haiwezi kuniambia kahawa yake imetoka mkoa gani siendi mara ya pili. Wakulima wetu kahawa nzuri inapanda meli inaondoka, sisi wenyewe tunakunywa kidogo sana ukilinganisha na inayouzwa nje, angalau inayobaki tujue ni ya nani. Kwa hiyo kwenye kulinganisha kwangu hili nalihesabu sawa na ladha. Mzee wangu wa birika alijibu hata sijamaliza swali, Bukoba. Msumbi wanakuambia. Kuna sehemu nyingine kubwa ya kwenye moli nilimuuliza kijana wa kaunta akaniambia inatoka stoo.

Na hizo za kwenye mamoli nizimalize haraka. Faida zake ni tatu, kiyoyozi, waifai na choo safi, na hizo siyo faida ndogo hata kidogo, kama una mkutano na mteja au una kazi ya laptopu na mtaani umeme umekatika nenda huko bila kusitasita, agiza chai ya tangawizi ukae masaa mawili. Mi kazi yangu ni ya kukokotoa hesabu za watu wenye biashara ndogondogo, nimefunga mahesabu ya mwaka mzima kwenye meza ya kona ya sehemu kama hizo. Lakini usile. Kuna moja nililetewa krosanti imepashwa kwenye maikrowevu, juu imelegea ndani inavutika kama mpira wa manati, buku tano na nusu. Maikrowevu na mkate havipatani, maji yaliyomo yanachemka mkate unalainika dakika moja halafu ukipoa unakuwa jiwe. Mwambie kabla hajaingiza, naomba usipashe, au pasha kwenye tanuri kama lipo. Hawachukii.

Na kapuchino popote utakapoenda, kabla hujaagiza simama karibu na mashine usikilize wakimpikia mtu mwingine. Maziwa yakipigwa vizuri yanalia kama karatasi inachanwa polepole halafu yanatulia. Yakipiga yowe muda wote yanaungua, yanakosa ule utamu wake, maana maziwa matamu ni kama nyuzijoto sitini hivi, yakipita sabini yanaanza kunuka yai. Angalia pia kile kibomba cha mvuke, kama kina utando mweupe wa maziwa yaliyokauka ya toka asubuhi geuka uondoke. Kijana anayekifuta kwa kitambaa kila baada ya kikombe, huyo hata kahawa yake utaipenda. Espreso, ile kahawa nyeusi nzito ya mashine, nayo inatakiwa itoke kwa kama sekunde ishirini na tano mpaka thelathini, ikishuka kama mkojo wa ng'ombe sekunde kumi imeisha hiyo ni maji machungu, hesabu moyoni.

Vijana wameanza kufungua sehemu ndogondogo huku Mikocheni na Sinza, chumba kimoja, mashine moja, viti vinne nje. Nimekunywa kama tatu nne. Kahawa nzuri sana mbili kati yake, karibu na ya Masaki kwa nusu bei, lakini vitafunwa wananunua kwenye bekari kubwa asubuhi wanavipanga kwenye kioo vinashinda hapo mpaka usiku. Nendeni mkanywe. Mkate njoo nao, mi nimewahi kukaa mahali hapo na skonzi zangu za Kisiwani kwenye mfuko wa karatasi, nikamuomba dada wa pale ruhusa nikampa na yeye moja, siku ya pili akaniuliza naipata wapi. Sasa hivi anachukua sinia moja kila Ijumaa jioni kwa ajili ya wateja wake na kweli zinaisha.

Sasa kama umesoma mpaka hapa unataka tu kujua uende wapi leo, basi nikusaidie kwa kukwambia mi naendaga wapi lini.

Siku ya kazi jioni, kijiweni na skonzi, hakuna mjadala, chini ya buku na nusu. Jumamosi nikiwa na rafiki ambaye hatujaonana muda, Épi d'Or asubuhi kabla ya saa nne maana baadae panajaa na krosanti zinabaki za mwisho mwisho, andaa kama msimbazi na nusu (elfu kumi na tano) kwa mtu ukijumlisha usafiri, mkiwa na watoto ongeza maana watataka kila kitu kilichopo kwenye kioo. Mtu unayemtaka mjuane vizuri, mchumba mchumba hivi, mi ningesema mtembee tu kijiweni, utaona anavyosalimia wazee, hiyo huwezi kuiona kwenye kiyoyozi. Mkwe akija, Masaki. Mteja wa kazi, moli. Umechoka na unataka kukaa peke yako usisumbuliwe, moja ya zile za Mikocheni, kiti cha nje, saa nane mchana hakuna mtu.

Mfungo wa Ramadhani ni habari nyingine kabisa. Kijiwe kinahamia usiku baada ya tarawehe, na ndo kinakuwa kizuri kuliko siku zote za mwaka, watu wanakaa mpaka saa sita na kashata zinakuwa za nazi pia. Bekari ya Kisiwani nayo inabadili ratiba, mkate unatoka saa kumi na moja jioni uwahi futari, na kuna mama anayeleta mkate wa kumimina wa nazi na iliki anauzia kwenye ukuta wao, huo usipofika mapema hupati. Mi siyo Muislamu lakini mwezi huo naujua kwa tumbo langu, na mzee wa kahawa hanipiti bila kikombe.

Nyumbani nako ni mahali pa kunywa kahawa, watu wanasahau. Buni robo kilo, birika dogo, maji yakichemka zima moto subiri nusu dakika, vijiko viwili vya kulia chakula vilivyojaa kahawa iliyosagwa kwa kikombe kikubwa, koroga, funika dakika nne, mimina polepole machicha yabaki chini. Basi. Hakuna mashine. Ukiigawa pakiti kwa vikombe inakuja kama jero na kitu kwa kikombe na ladha ni ya Masaki. Skonzi ukiipasha kwenye kikaango kikavu chenye mfuniko dakika mbili inarudi kama imetoka tanurini.

Mama alivyorudi Bukoba nilimuuliza nimfungie nini cha njiani, nikidhani atataka krosanti maana alizisifia. Akasema skonzi za pale kwenye baiskeli, nane, na zisiwe za asubuhi. Tukaenda wote saa kumi kasoro, tukasimama mlangoni na wengine, kaka akageuza sinia, pufu, mama akacheka kwa sauti. Akamuhesabia buku mbili na mia nne mkononi, akatoa kipochi akampa na punje mbili za kahawa, yule kaka akazitazama hajui azifanye nini, mama akamwonyesha, tafuna, taratibu, usimeze.